Tisini na Tano kwa Mia

Punta Arenas, darasa la jioni.
Upepo unagonga madirisha kama mdai.
Yasna ameilisha mashine picha elfu mbili:
theluji, theluji, theluji,
na hapa na pale, kondoo.

Skrini ikaandika: sahihi, tisini na tano kwa mia.
Tukapiga makofi.
Mwalimu Barrientos hakupiga.
"Imeona kondoo wangapi?"

Yasna akahesabu.
Hata mmoja.
Kila picha ilijibu theluji,
ikafaulu kwa uvivu
kama mimi nilivyofaulu kemia.

Tulicheka. Yeye hakucheka.
Agosti iliyopita baba yake alitoka na tochi
na fito ya kudungia theluji,
akidunga, akisikiliza, akidunga,
akarudi saa tisa usiku na mmoja begani,
hai, masikio yameganda.

Akafuta. Akaandika upya:
kosa la kumkosa kondoo
liwe zito mara hamsini
kuliko la kumwona asiyekuwepo.

Sasa inapata sabini na moja.
Inaona kondoo kwenye mawe, kwenye mapipa,
kwenye kofia ya Barrientos.

"Afadhali," anasema Yasna akivaa glavu,
"ikosee ikiwa nje, inatafuta."