Hali Kisichokimbia

Muuzaji aliniambia mwishoni, pesa zikiwa tayari mfukoni mwake:
huyu hali kilichokufa.
Si unga, si kamba wa barafu, si mayai ya samaki wenzake.
Anataka kinachokimbia.

Nikampeleka nyumbani kwa tramu, mara moja nikiwa abiria,
mfuko wa maji nimeuvika kofia yangu ya manyoya,
nje theluji ya Ostrava imeshaingia masizi.
Mwili wake: buluu imezungushwa juu ya chungwa,
kazi ya fundi asiyeuliza bei ya uzi.
Nikamwita Baroni.
Siku ya tano tumbo la Baroni limebonyea
na macho yake bado yanapekua mawe, jiwe kwa jiwe,
kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Basi nikawa mkulima, ghorofa ya saba.
Chupa za soda dirishani, mrija wa hewa katika kila shingo,
chumvi gramu thelathini na tano kwa lita,
mbolea tone moja. Si mawili. Mawili niliyajaribu.
Maji yakakolea kijani hata kidole hukioni upande wa pili,
na humo nikawamwagia wale wadogo:
nukta nyeupe, vumbi lililoamka na shauri lake.
Mwanga hulisha kijani, kijani hulisha nukta,
nukta humlisha Baroni,
na Baroni hamlishi mtu.

Saa tisa usiku naamka, nachuja kwa kitambaa cha hariri,
nakoroga, nanusa. Saa kumi na robo niko depo,
nimevaa sare, vidole vinanuka pwani
nisiyowahi kuikanyaga.

Bwana Vaněk wa ghorofa ya sita aligonga dari kwa fagio
majira yote ya vuli. Pampu, alisema, inamtafuna sikio.
Mwishowe akapanda mwenyewe, ndara miguuni,
hotuba kaiandika nyuma ya bili ya gesi.
Akaziona chupa.
Nikampa lenzi, ili nipate muda wa kutafuta la kujibu.
Akainama. Hotuba hakuisoma.
Alipoondoka alikuwa na chupa moja kwapani,
na wala hatukuagana vizuri.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakufuga hawa.
Februari umeme ulikatika usiku kucha, mimi niko zamu,
nikarudi nikakuta chupa tisa zimegeuka kijivu
na jiko linanuka yai viza.
Nilizimwaga moja moja chooni, nikihesabu kwa sauti, sijui kwa nini.
Baroni alikuwa anapekua mawe yaleyale.

Nikashuka ngazi. Nilikuwa bado sijavua koti la kazi.
Vaněk akafungua, akanitazama mikono mitupu, akaelewa.
Dirishani kwake chupa kumi na moja,
kila moja na karatasi: tarehe, saa, joto,
na moja imeandikwa tu *wakaidi*.
Usiku ule alizipuliza kwa pampu ya baiskeli, zamu kwa zamu, hadi alfajiri.
"Lakini huna samaki," nikamwambia.
"Sina," akasema. "Wa nini?"
Akanipa wakaidi.

Jioni hiyo nikazima taa kubwa, nikamwaga kikombe taratibu.
Baroni akasimama juu ya jiwe.
Akageuza jicho moja, kisha la pili, halioni lenzake.
Akadona.
Akadona tena.

Sasa ni Machi. Jana usiku nimelala fofofo,
fagio likagonga sakafu yangu mara tatu, kwa hasira ileile ya zamani.
Nikaketi kitandani, nimejiandaa kutukana,
nikasikia alichokisikia yeye:
hakuna mlio.
Pampu imezima.

Nikakimbia jikoni, miguu mitupu.