Karafuu za Bi Sihaba

Nakumbuka kilima cha Mtambile,
nakumbuka redio inataja bei ya karafuu
na boflo nyuma zinanukia, mia mbili na ushei,
za maduka ya Mkoani.
Halafu hapana kitu.
Si giza, maana giza huonekana.
Si usingizi, maana usingizi una mlango wa kuingilia.
Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la skuli:
hadithi inaendelea upande wa pili
na mimi nimekaa juu ya jamvi la watu,
ulimi una damu,
magurudumu yamezama kwenye karafuu mbichi,
watu wananiita jina langu
kama wanaoniuliza.

Bi Sihaba hakulalamikia pishi zake.
Mkononi alishika ndara moja ya mtoto,
buluu, kamba imeshonwa kwa waya.
"Nilimwita anywe uji," alisema.
"Nilimwita sasa hivi tu."
Akarudia, na akarudia tena,
kama mtu anayehesabu na hesabu haimtoki.

Spitali ya Chake nililala siku tatu.
Daktari, binti wa Kiuyu, mdogo kwa mwanangu wa kwanza,
alichora ubongo nyuma ya cheti cha dawa,
akautia cheche moja kwa kalamu nyekundu.
"Hii imeruka. Huenda isiruke tena. Huenda ikaruka kesho.
Kidonge asubuhi, kidonge usiku,
na usukani usiushike mpaka nikuone Rajabu.
Na watu wa leseni waambie. Wewe mwenyewe."
Ilikuwa Mfunguo Nne.
Nikahesabu vidole; mkono mmoja haukutosha.

Shemegi yangu Makame alikuja na machungwa na ushauri.
"Nani anajua? Mimi, wewe, na wale wa Mtambile,
nao wanasema breki zilikatika.
Waache waseme breki.
Gari haina mdomo.
Kwani ajali ina kinga?"
Nilitaka kumwambia: ile yangu ilikuwa nayo.
Ilikuwa uji.
Nikamenya chungwa.

Usiku niliwasha taa, nikaitoa leseni.
Picha ya miaka tisa nyuma: Khatibu Shaame Faki,
macho makavu, kola imenyooka,
hajui kama kichwa nacho hukatika breki.
Huyu ndiye aliyempakia mama yake saa nane za usiku
na barabara yote ya Chake ikawa yake.
Mtu kama huyu
unaanzaje kumwomba ufunguo?

Ofisini fomu ilikuwa na visanduku viwili,
kidole gumba kingevifunika vyote.
Je, umewahi kupoteza fahamu?
Karani hakuinua uso.
"Mzee, wengi hutia hapana."
Hapo ikanijia harufu ya karafuu mbichi,
na dirisha limefungwa.
Nikashika meza. Daktari alinambia:
mara nyengine harufu ndiyo hutangulia.
Nikangoja. Nikahesabu pumzi, nikataja jina la Mola.
Hakikutokea kitu.
Lilikuwa shati langu, lile la siku ile,
limefuliwa mara tatu na bado.
Nikatia ndiyo, karatasi ikatoboka.

Siku hizi gari ya boflo anaendesha binti yangu Riziki.
Mimi nakaa kushoto,
na mguu wangu wa kulia kila kona
unakanyaga breki isiyokuwapo.
"Baba, utalitoboa gari," husema,
na gia ya tatu anaikwangua
nami nameza neno.
Mtambile anapunguza mwendo bila kuambiwa.
Tunaacha boflo mbili; Bi Sihaba halipi, hatudai.
Mtoto hutoka mbio kuzipokea, ndara zote mbili miguuni.

Jana kanichungulia dirishani.
"Kwani wewe si dereva?"
Riziki akajifanya anatazama kioo.
Nikamwambia bado sijui,
mwezi wa Rajabu haujaandama.
"Sasa hapo unafanya nini?"
"Nashika mikate."
Akaniangalia sana,
kisha akanikabidhi boflo moja, aliyokwisha iuma,
nimshikie.