Daraja Moja

Februari, Mestia. Theluji imefika dirishani.
Mzekala Chartolani wa idara ya barabara
amesukuma chai kando, amechonga penseli,
anachora vijiji kama mtu asiyewahi kula mkate wake:
nukta, nukta, nukta. Vifundo kumi na tisa.
Kati yao nyuzi, na juu ya kila uzi namba,
saa ambazo tingatinga la manjano, la pekee,
hula njiani hadi changarawe ionekane.

Humu hamna minara ya mawe, hamna ng'ombe.
Karatasi haiujui mlima.
Ndiyo raha yake: dunia imevuliwa koti na buti,
imebaki mifupa na swali moja,
nani anafikika kutoka kwa nani?

Kila kifundo kina daraja lake,
yaani hesabu ya nyuzi zinazokigusa.
Na upo uzi ambao ukikatika
mchoro hupasuka vipande viwili;
nao huo ni daraja.
Neno moja, kazi mbili. Mimi ninayesimulia
sikulipanga, nimelikuta kinywani:
kijiji cha daraja moja
kina daraja moja.

Lakhra, mwisho wa bonde, nyumba kumi na mbili,
inaning'inia hivyo, kifungo cha shati kuukuu.

Saa nne usiku redio inakoroma.
Lakhra. Mtoto wa Gulnazi anakuja kabla ya siku zake.
Njia fupi kuliko zote, kidole kinaifuata:
Mestia, Svipi, Tsaldi, Lakhra. Saa tano na robo.
Anampigia Bimurza, dereva wa tingatinga.

"Tsaldi sipiti."
"Theluji?"
"Si theluji."

Kimya, na injini ikipashwa moto nyuma ya kimya.
Miaka thelathini na moja nyuma, uwanjani Tsaldi,
baba yake alianguka kwa risasi moja
kwa ajili ya mpaka wa shamba la nyasi.
Fundo. Si hili la penseli,
ni lile mtu analolifunga moyoni
akafa, watoto wakalikuta limefungwa.
Namba gani iandikwe juu ya uzi huo?
Saa moja na nusu, unasema mchoro.
Bimurza hasemi namba.

Basi anakifuta kifundo cha Tsaldi na nyuzi zake zote.
Mavumbi ya kifutio. Lakhra imebaki nukta tupu,
haina hata uzi wa kujinyongea.

"Na mapito ya jibini?"
Tsiuri, anayefagia ofisi, mzaliwa wa kule,
ameegemea mpini wa ufagio.
"Mapito yapi?"
Kidole chenye harufu ya sabuni kinatoka Svipi,
kinapanda tuta pasipochorwa kitu,
kinashuka Lakhra mlango wa nyuma.
Wanawake wa pande mbili hukutana pale juu
kupeana chachu, kupeana chumvi,
hata miaka ile waume zao walipolala na bunduki.
Tingatinga halipiti.
Mkunga mwenye viatu vya theluji, anapita.

Mzekala anachora uzi mwembamba, wa kukatika-katika.
Mkono unasita juu yake.
"Saa ngapi?"
"Inategemea nani anakusubiri."

Hakuna fomu ya idara yenye nafasi ya jibu hilo.
Anaacha wazi.
Penye daraja la Lakhra bado pameandikwa moja,
moja nyingine, si ile ya jioni.

Saa nane na dakika kumi, redio:
"Nimefika Svipi. Mkunga ameshapanda tuta, taa yake naiona."
Mlio wa chuma, upepo.
"Na taa za Tsaldi naziona."
Hakuongeza neno. Injini haikuzimwa.

Mzekala anaitazama alama iliyobaki kwenye karatasi,
kijivu, pale kifutio hakikumaliza kazi.
Anaichukua penseli.
Haandiki. Anasikiliza injini.