Udongo wa Shilingi Mia Tano

Ayikoru alianza kula udongo mwezi wa Machi,
ule mweupe, wa kuchomwa, wa shilingi mia tano
sokoni Arua. Kwanza kipande, kisha mfuko.
Wauza mboga wakatazamana:
arobaini na saba, na bado!
Nami, mumewe, nikahesabu miezi kwa vidole,
nikapaka rangi kitanda cha mtoto cha zamani.

Tumbo halikumuuma. Andika hapo, daktari:
halikumuuma hata siku moja.
Viganja tu vilipauka. Akipanda ngazi mbili, anakaa.
Wakasema malaria; akameza.
Wakasema minyoo; akameza.
Wakasema vidonda vya tumbo, na hakuna kiumacho;
akameza hivyo pia, kwa maji ya mtungi.
Wakamwongeza damu, chupa mbili.
Ikaenda wapi?

Mimi hutengeneza redio nyuma ya stendi.
Redio inayokoroma naijua kabla sijashika bisibisi.
Inayonitoa jasho ni ile inayoimba vizuri
huku betri zinakwisha kila usiku.
Nilimwambia hivyo daktari kijana, Drandua.
Akaweka kalamu chini.

Wakapitisha kooni mpira wenye jicho,
wakanyofoa kinyama cha juu juu. Jibu:
uvimbe wa kawaida. Tukashangilia kwa soda.
Mwezi haukuisha, udongo ukawa mifuko miwili kwa siku.
Drandua akasema: tulibisha hodi, hatukuingia.
Mara ya pili akachimba ndani zaidi,
na kinyama kikasafiri Kampala
ndani ya kichupa, kwa basi la usiku,
kati ya magunia ya simsim na kuku wa watu,
kikavuka daraja la Pakwach bila nauli.

Wiki sita.

Likaja jina ambalo kwetu halina jina:
saratani ya limfu, imelala ukutani mwa tumbo
kama waya uliokatika ndani ya plastiki yake.
Nje mzima. Unang'aa.

Mficha maradhi, husema watu, kilio humfichua.
Ayikoru hakuficha kitu. Maradhi ndiyo yaliyojificha,
mwili ukapiga kelele kwa lugha ya udongo
na sisi tukasikia mtoto.

Kitanda bado kipo, cha samawati,
nimekipanga redio zisizo na wenyewe.
Basi linaondoka saa mbili usiku, dawa ya kwanza kesho.
Amefunga kipande kimoja katika pindo la leso.
"Cha njiani," anasema.
Simnyang'anyi.