Mgeni Njoo

Kazi yangu ni kutazama mstari.
Ukipanda natazama, ukishuka natazama,
na mwisho wa mwezi natoa bili:
kumbukumbu kiasi hiki, nafasi kiasi hiki,
wageni kadha wa kadha.

Akureyri mwezi wa Januari jua ni kama mkaguzi wa wilaya:
linafika saa tano, linachungulia mafaili,
linaondoka kabla ya chai.

Seva yetu moja imebeba tovuti thelathini na moja
kama nyumba ya kupanga yenye choo kimoja.
Wamo duka la sufu la Hallveig, kwaya ya wastaafu, daktari wa meno,
bwana mmoja anayepiga picha uyoga tu,
na Ketill wa Kaldavík,
ambaye kila saa hupima theluji ya mlima ulioinamia kijiji chao
akaandika tarakimu moja kwenye ukurasa mweupe.
Ketill hulipia kifurushi cha chini kabisa.
Wageni wake kwa siku: kumi na wanane.
Tisa ni roboti.
Watatu, nadhani, ni Ketill mwenyewe.
Haba na haba, na kibaba chake hakijajaa hata mara moja.

Jana saa nne usiku mstari wake ulinyanyua kichwa.

Kaldavík ina watu mia mbili na sitini.
Saa tano walikuwa macho wote,
niliwahesabu.
Kila anayegusa ukurasa, kwa lugha ya kazi yetu, ametuma ombi.
Maombi arobaini kwa sekunde.
Neno hili nalitumia kila siku
na jana ndipo nililisikia.

Kisha wakaja wa mbali, watoto walioolewa Denmark,
shangazi wa Winnipeg, mabaharia,
wote wanauliza tarakimu ile ile,
wanaionyesha upya, upya, upya,
kana kwamba theluji husikia aibu ikitazamwa.
Prosesa asilimia tisini na mbili.
Kumbukumbu tisini na saba.
Maji yamezidi unga.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tuambiwavyo;
mwenyeji wangu alikuwa anatweta.

Nikaanza kufukuza wapangaji.
Nikazima kwaya. Nikazima meno. Nikazima uyoga.
Hallveig akapiga simu:
"Steinunn, duka langu limekufa, na leo ni siku ya punguzo!"
Nikasema, Kaldavík.
Kimya.
"Basi ondoa na zile picha za soksi," akasema,
naye duka zima lilikwisha kulala.

Ukurasa wa Ketill nikauvua nguo:
picha ya mlima, nembo, rangi, vyote chini.
Ikabaki tarakimu, na saa iliyoandikwa.
Kilobaiti mbili. Nyepesi kuliko salamu.
Mashine ikavuta pumzi.

Saa nane na dakika kumi na moja mstari wa Kaldavík ulianguka.
Sisemi ulishuka.
Sifuri.
Winnipeg bado wanabisha. Taa zangu zote kijani,
hakuna hitilafu, ndiyo maana mikono ilinitetemeka.
Grafu haijui kutofautisha
mtu aliyezima simu akalala
na nguzo ya umeme iliyolala
na lile la tatu, ambalo silitamki.

Nilitazama.
Chai ikaganda utando.

Saa nane na thelathini na nne, kitone kimoja.
Ombi moja tu, na halikuja kusoma.
Lilikuja kuandika.
Sikuiangalia tarakimu. Niliangalia saa,
kwamba upo mkono, una vidole, umebonyeza.

Asubuhi nikawarudisha wapangaji, uyoga wa kwanza, sijui kwa nini.
Mfumo nao, mtiifu kama punda, umeandaa bili ya Ketill:
amevuka kibaba chake mara mia nne.
Sijaituma.
Wala kuifuta sijaifuta.
Naitazama.