Kidomo

Huku juu, kiganja kikikatiza kooni
ni tishio: nitakuchinja.
Kule chini ni ombi,
na halina tafadhali.

Nyaboke alitufundisha Kasarani,
Jumamosi saa moja asubuhi,
maji ya bwawa yakitutafuna vifundo:
"Aliyeishiwa hewa hana adabu.
Hatakuuliza cha akiba kiko wapi,
atakurukia mdomoni.
Basi usimpe cha akiba. Mpe unachovuta,
maana hicho una hakika nacho."
Kisha akazungusha kidole hewani: rudieni.
Tukarudia mpaka vidole vikakunjamana
kama maharagwe yaliyolala majini.

Wahenga walisema kutoa ni moyo.
Mapafu hawakuyataja.

Mwezi wa tano, timbo la Njiru.
Mvua ilikuwa imelijaza hadi kwenye magugu
na polisi walitaka pikipiki ya wizi.
Si mtu, safari hii, ashukuriwe Mungu, si mtu.
Mimi na Mbaluka hatukuwa tumesemezana tangu Februari
(elfu nne, na maneno yaliyofuata elfu nne).
Tulikaguana mikanda kama wageni.
Geji yake ilisema mia.
Geji ilisema uongo.

Mita kumi na moja, maji rangi ya chai ya maziwa.
Nilikuwa nimeshika usukani wa pikipiki
mkono uliponikamata bega,
kisha, ndani ya duara la tochi,
kiganja: kulia, kushoto, kulia.
Macho nyuma ya kioo, meupe matupu.

Sikuwaza undugu. Semeni mtakavyo.
Sikumwaza hata Syombua, mkewe,
ambaye ugali wake nimeula mara ngapi.
Nilivuta pumzi moja ndefu,
ya choyo, nakiri,
nikakitoa kinywani nikampa.

Kuna kitambo hapo katikati
ambapo mdomoni huna kitu ila ulimi wako.
Nyaboke hakutuambia urefu wake.
Nilisikia mashine ya kupasua mawe, ng'ambo,
ikitafuna, ikitafuna.
Ndipo cha akiba kikapatikana kifuani, cha manjano.
Nikapuliza. Nikavuta.
Mchanga kidogo, na hewa.

Tukashikana mikanda uso kwa uso,
mtungi mmoja,
viputo vyake na vyangu vikipanda
bila kujulikana ni vya nani.
Polepole. Mji huu uko juu hata kabla hujapanda;
ukiikimbilia hewa yake, damu itakudai.
Nikamhesabia kwa vidole. Akavuta.
Nikamhesabia tena.

Ukingoni watoto walishangilia,
wakidhani tumeibuka na kitu.
Askari akauliza, "Na pikipiki je?"
Mbaluka akatema, akakohoa, akaketi juu ya jiwe,
akasema, "Ile elfu nne..."
Nikamwambia anyamaze apumue.

(Alilipa Agosti. Alilipa tatu.)

Jioni ile, Umoja, nikisuuza vifaa kwenye karai,
nilikuta amekiuma kidomo hadi mpira umechanika:
safu mbili za meno,
na pengo lake la mbele limejichora wazi.
Nyaboke anasema nibadilishe,
mpira mpya ni shilingi mia nane tu.
Nimesema nitabadilisha.
Kila Jumamosi nakitia kinywani
na meno yangu yanateleza, yanatafuta,
yanakaa ndani ya yake.