Ngozi ya Namba Mia na Kumi na Nne

Wateja wangu huomba mbavu, maini, paja la nyuma,
utumbo uwe umeoshwa mara mbili.
Gyurme aliingia buchani, Mtaa wa Queen,
Jumanne ya mvua yenye barafu ndani yake,
akasema: Nyama baki nayo. Mimi nataka ngozi.

Nikacheka. Miaka kumi na moja Toronto
ngozi natupa, tena nalipia kuzitupa.
Akachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
tumbo, kiuno, shingo ndefu,
na juu kabisa kichwa cha farasi kinachotazama nyuma.
Dranyen. Kwao Tibeti, maana yake sauti tamu.
Nyuzi sita, zinakwenda mbili mbili
kama watu watokao harusini.

Nikamwekea ya beberu mdogo, namba mia na kumi na nne,
mwenye kovu la seng'enge ubavuni.
Nikaomba radhi kwa kovu.
Liache, alisema. Plastiki haina kovu.

Karakana yake ni gereji ya kuazima
nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja,
hita moja, redio isiyo na kifuniko.
Mti aliupata baada ya dhoruba,
mjozi mweusi ulioangukia gari la jirani:
manispaa wakachukua matawi, yeye akavuta gogo
kwa kigari cha dukani,
gurudumu moja likilia njia nzima.

Tumbo na shingo kipande kimoja.
Ukiunga, alisema, sauti hujikwaa hapo.
Alichimba kwa patasi, akapuliza vumbi,
akagonga kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, akachimba tena unene wa ukucha.
Mimi nimekata nyama tangu ndevu hazijaota;
mkono unaoogopa mfupa naujua.
Wake hauogopi. Unauliza.

Nikataka na mimi kutoa changu.
Nikamwambia: kwetu husema
ngozi ivute ingali maji.
Akaipenda. Akaiandika ukutani kwa penseli
kwa herufi zao, zinazoning'inia
kama nguo kambani.
Usiku ule tukaivuta ikitiririka,
tukakaza hadi ikang'aa, tukaibana kwa gundi,
tukaagana tukijisifu.

Saa kumi alfajiri simu:
Mia na kumi na nne amekufa mara ya pili.

Ilikuwa hita. Ilikuwa Januari,
hewa kavu kama biskuti ya jeshi.
Methali haikuwahi kulala chumba kimoja na hita.
Mpasuko ulikwenda pembeni, ukalikwepa kovu;
kilichobaki kikatosha, maana ngozi ya dranyen
hufunika tumbo la chini tu, upana wa sahani.
Tukailoweka tena. Safari hii akaivuta nusu,
akatundika mataulo mabichi kila upande,
akazima hita, akakaa na koti siku tisa.
Ukutani akaongeza mstari mfupi.
Nikauliza unasemaje.
Unasema: na nusu waachie wenyewe.

Aprili binti mmoja, Yangchen, akaja kuichukua,
bado na sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi.
Nyuzi ni za kuvulia samaki, za dukani.
Akakaza, akalegeza, akakunja uso, akakaza.
Nilitegemea kulia, kusema kweli.
Sikulia. Ilikuwa sauti kavu, fupi,
kama ya mtu anayeitikia salamu
huku kazi iko mkononi.
Lakini kovu lilitetemeka chini ya daraja la nyuzi,
na mimi ndiye niliyemchinja,
nikatazama viatu vyangu.

Ngozi sikumtoza.
Gyurme huchonga vigingi saba kwa nyuzi sita,
kwa kuwa kimoja lazima kitamsaliti.
Mwaka huu hakuna kilichomsaliti.
Cha saba kiko mfukoni mwa aproni yangu;
foleni ikiwa ndefu nakizungusha kwa vidole,
robo, robo nyingine, nasimama,
na mteja ananiuliza
nasikiliza nini.